Kuinyima Sumu Maji: Tuliyojifunza Lubumbashi katika Kukausha Sumu ya Nyoka kwa Baridi

Wengi wanaoanza kazi hii ya kuigandisha sumu na kuitoa maji bila kuiyeyusha huitazama mashine kwanza. Wanauliza pampu ina nguvu gani, inashusha baridi hadi nyuzi ngapi, vipuri vinapatikana wapi. Maswali ni ya haki. Lakini kwa tuliyoyaona, sumu nyingi inayoharibika huwa imeshaharibika kabla mlango wa mashine haujafungwa, na sehemu kubwa ya inayosalimika huja kuharibikia kabatini, pale mtu anapofungua kichupa chenye baridi siku ya mvua. Kwenye mashine yenyewe matatizo ni machache, na karibu yote yana dawa.

Chanzo cha hasara zote hizo ni maji. Sumu inayotoka kwenye meno ya kifutu, Bitis arietans, ina vitu vikavu kama robo tu ya uzito wake. Kinachobaki ni maji. Katika vitu hivyo vikavu, zaidi ya asilimia 90 ni protini na peptidi, na nyingi kati yake ni vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukata protini nyingine. Ndani ya tezi ya nyoka, asidi na sitrati (chumvi ya asidi ya limau) huvituliza. Ukiikamua sumu, ukaiacha mezani au ukaiongezea maji, ulinzi huo unapungua na vimeng'enya vinaanza kulana vyenyewe kwa vyenyewe. Kukausha ni kuviondolea uwanja wa kulana. Kila hatua inayofuata tunaipima kwa swali moja: je, inaipa sumu maji na muda, au inaiondolea?

Jambo hili si la maabara peke yake. Farasi anayechanjwa kwa sumu iliyokatikakatika hutengeneza kingamwili za vipande, na dawa itakayotoka kwenye damu yake inaweza kuwa dhaifu mbele ya sumu nzima ndani ya mwili wa mkulima. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaweka madhara ya kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Miaka mitatu kabla ya hapo, FAV-Afrique, dawa iliyokuwa ikitegemewa sehemu kubwa ya Afrika, ilikuwa imeacha kutengenezwa. Anayetaka kutengeneza au kupima dawa inayowafaa watu wa Katanga anahitaji sampuli za sumu zilizo nzima, zenye jina la nyoka na mahali alipokamatwa.

Sumu zenyewe hazifanani kwa uvumilivu. Koboko, Dendroaspis polylepis, na swila wana protini nyingi ndogo za asidi amino 60 hadi 80 hivi, zilizofungwa kwa madaraja manne au matano ya salfa. Hizo ni ngumu, zinastahimili mengi. Vifutu wana vimeng'enya vikubwa vinavyobeba madini ya zinki, na hivyo ndivyo vinavyopoteza nguvu mapema. Kimeng'enya kinachoipa sumu ya kifutu rangi ya njano, oksidezi ya asidi amino, kinaweza hata kulala kwa sababu ya kugandishwa kwenyewe, kisha kuamka kikipashwa joto kidogo kwenye asidi. Kwa hiyo aliyezoea sumu ya koboko asidhani taratibu zake zinamtosha anapoletewa kifutu.

Kazi inaanzia kwenye ndoo ya barafu. Chombo cha kukamulia kinakaa ndani ya barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, ili kioo kiguse baridi pande zote. Mabonge makubwa ya barafu huacha nafasi za hewa, na sumu inabaki na joto la chumba wakati wewe unaamini imepoa. Sumu yenye wekundu wa damu haichanganywi na nyingine. Iliyo safi tunaizungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ndogo, kama mara 500 ya nguvu ya mvutano wa dunia (500 g) kwa dakika 10, kwenye nyuzi 4, ili seli, mate na vipande vya ngozi vikae chini. Kisha tunamimina sehemu ya juu kwenye vichupa vilivyokwisha kupimwa uzito vikiwa vitupu, na kugandisha papo hapo. Zikikamuliwa nyoka nyingi siku moja, gandisha kundi kwa kundi. Usisubiri kumaliza wote.

Je, iongezwe maji? Sumu ya kifutu wa Gaboni ni nzito, na ikikauka ilivyo hufanya ngozi ya juu inayouzuia mvuke kutoka. Hapo tunaongeza maji baridi yaliyosafishwa, kiasi sawa na sumu, na kugandisha mara moja. Maji ya chumvi ya hospitali hayafai. Mchanganyiko wa chumvi na maji hauwi mgumu wote mpaka ushuke chini ya nyuzi −21, na kadiri barafu inavyojitenga, chumvi inazidi kukolea kuzunguka protini. Bafa (myeyusho wa kuzuia asidi isiyumbe) ya fosfati ya sodiamu ina hila nyingine: wakati wa kuganda, chumvi yake moja hujitenga kama fuwele kabla ya mwenzake na asidi hupanda ghafla, pH ikishuka hadi karibu 4. Lazima kukiwa na bafa, asetati ya amonia ni bora, maana huondoka pamoja na mvuke. Sukari za kulinda protini, kama trehalozi, tunaziweka tu kwa protini iliyokwisha kuchujwa na iliyo chache ndani ya maji mengi. Sumu ghafi haiongezwi chochote kitakachobaki ndani yake ikishakauka. Miligramu 10 kwenye mizani ziwe miligramu 10 za sumu.

Kugandisha ndiko tunakokutilia mkazo kuliko yote. Friza ya nyumbani inafika nyuzi −18, na sumu iliyomo huonekana ngumu kama jiwe, lakini katikati ya fuwele za barafu kuna vijito vya maji mazito yenye protini na chumvi, ambamo vimeng'enya vinaendelea kufanya kazi polepole. Mahali pabaya kabisa ni kati ya −5 na −20, kwa hiyo tunapapita haraka. Friza ya −80 inatosha. Kama haipo, barafu ya kaboni ndani ya ethanoli inashuka hadi karibu −72. Chupa ya mviringo huzungushwa humo ikiwa imelala, sumu igande kama ganda jembamba ukutani. Barafu ya kaboni haipatikani kila wiki hapa mjini. Barafu ya kawaida iliyosagwa laini na kuchanganywa na kloridi ya kalsiamu yenye maji yake ya fuwele inaweza kukaribia −50, ilhali chumvi ya jikoni inaishia −21. Vitabu vya viwandani husifu kugandisha polepole kwa kuwa fuwele kubwa huacha njia pana za mvuke. Ni kweli, na mashine humaliza mapema. Kwa sumu tunachagua kuganda haraka na kuvumilia ukaushaji mrefu.

Tabaka lisizidi sentimita 1, na kichupa kisijazwe zaidi ya theluthi yake. Tabaka likiwa nene mara mbili, muda huongezeka zaidi ya mara mbili, kwa sababu mvuke wa chini unapita kwenye tabaka kavu linalozidi kurefuka. Vichupa vikae kwenye −40 kwa saa 3 hivi hata kama vinaonekana vimeganda, na rafu za mashine ziwe zimepozwa kabla havijaingizwa. Safari ya dakika chache kutoka friza hadi mashine, mwezi wa Oktoba Lubumbashi, inatosha kulegeza kingo.

Jacques-Arsène d'Arsonval na Frédéric Bordas waliieleza njia hii kule Paris mwaka 1906, na msingi wake haujabadilika. Mgandamizo ukiwa chini ya milibari 6.1, maji hayawezi kukaa kama kimiminika. Barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Kinachousukuma mvuke ni tofauti ya baridi. Barafu ya −20 ina mgandamizo wa mvuke wa milibari 1.03, ya −30 ina 0.38, ya −40 ina 0.13, na ya −50 ina 0.04 tu. Mvuke unatoka kwenye sumu ya −30 na kukimbilia mtego wa barafu, yaani sehemu ya mashine iliyopozwa hadi −50 au −80, ukagandia huko. Pampu haiyanywi maji hayo. Gramu moja ya barafu, ikiwa mvuke kwenye milibari 0.1, inajaza takriban mita 10 za ujazo. Hakuna pampu ya mezani inayoweza kumeza hayo. Pampu inaondoa hewa, mtego unashika maji. Mwenye fedha ya kutengeneza kitu kimoja atengeneze ubaridi wa mtego kwanza. Na bahati nzuri mji huu una mafundi wa frigo wenye mikono mizuri: ukimweleza fundi kwamba gesi ya kompresa imepungua na mtego hauteremki chini ya −35, atakuelewa haraka kuliko muuzaji wa mashine aliye mbali.

Kabla ya kuingiza sumu, mashine iendeshwe tupu. Hapa kuna jambo linalowachanganya wageni. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo wa milibari 880 hivi, si 1,013. Saa ya mshale inayopima kwa kulinganisha na hewa ya nje haitafika baa −1 hata pampu ikiwa nzima. Itasimama karibu na −0.88. Kuna waliofungua mashine nzima wakitafuta tundu lisilokuwepo. Tumia kipimo kinachosoma mgandamizo halisi.

Tundu la kweli linajulikana kwa kufunga vali kati ya chumba na pampu, kisha kutazama. Mgandamizo ukipanda kwa kasi ileile bila kuchoka, hewa inaingia. Ukipanda haraka kisha ukapunguza mwendo, ni unyevu uliobaki ndani. Mara nyingi kosa liko kwenye mpira wa mlango: unywele mmoja, chembe ya vumbi jekundu la kiangazi, au mafuta ya silikoni yaliyopakwa mengi mno. Futa mpira kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, paka mafuta membamba kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya pampu yakiwa meupe kama maziwa yana maji. Fungua tundu la hewa la pampu, iendeshe dakika 20 hadi 30 bila mzigo, na yasipotakata yabadilishwe.

Funika midomo ya vichupa kwa karatasi ya kuchujia, maana sumu kavu ni nyepesi na hupeperuka. Mtego ukishafika −50 au chini yake, washa pampu. Tunalenga chumba kiwe kati ya milibari 0.08 na 0.12, ambayo ni karibu robo ya mgandamizo wa barafu ya −30. Kuteremsha zaidi hakuharakishi kazi. Hewa ikiwa chache mno, joto la rafu halifiki vizuri kwenye kichupa. Kisha rafu hupandishwa polepole hadi −20 na kuachwa hapo. Sumu yenyewe itabaki baridi kuliko rafu, kwa kuwa barafu inayogeuka mvuke inakula joto jingi, takriban kilojuli 2,840 kwa kila gramu 1,000. Kwa mashine za matawi, ambapo chupa zinaning'inia nje, joto ni la chumba, na hapo msimu unahesabika: mwezi wa Juni chupa hujifunika theluji na kwenda salama, mwezi wa Oktoba tunazivika kitambaa na kuziweka mbali na dirisha.

Tabaka la sentimita 1 linachukua usiku kucha na sehemu kubwa ya siku inayofuata. Mwisho wake unajulikanaje? Mashine yenye vipimo viwili vya mgandamizo inasema yenyewe: kipimo cha Pirani, ambacho usomaji wake hutegemea aina ya gesi, kikizungukwa na mvuke wa maji, husoma kama mara 1.6 ya mgandamizo halisi, na barafu ikiisha kinashuka kukutana na kile cha kapasita, kisichojali ni gesi gani. Kama una Pirani peke yake, angalia kushuka huko kisha ongeza saa kadhaa, kwa kuwa vichupa vya pembeni hutangulia vya katikati.

Anayepandisha joto kabla barafu haijaisha atayaona matokeo kwa macho. Keki, yaani bonge la sumu kavu kichupani, iliyotakiwa kusimama kama sponji inasinyaa na kuachana na ukuta wa kichupa, au chini panabaki ganda la njano linalong'aa, au povu linapanda hadi kwenye karatasi. Keki iliyosinyaa kidogo bado inaweza kuwa na sumu hai. Tunaitenga na kuipima. Yenye povu imeshayeyuka, na muda ilioukaa ikiwa maji hujui.

Barafu ikiisha, maji yaliyoshikamana na protini bado yapo. Tunapandisha rafu kwa nyuzi 0.2 kila dakika hadi 20 au 25, na kuiacha saa 4 hadi 6. Unyevu wa asilimia 1 hadi 3 unatosha. Kuutafuta ukavu wa sifuri ni kujitafutia hasara, maana maji machache ya mwisho yanaishikilia protini katika umbo lake. Pasipo mashine ya Karl Fischer, ya kupima unyevu, jaribio lile la kufunga vali linafanya kazi tena: mgandamizo ukikaa karibu palepale kwa dakika kadhaa, kumekauka. Mizani inaongeza ushahidi. Sumu ya kifutu isiyoongezwa kitu ikikupa uzito mkavu wa theluthi moja ya uzito wa mwanzo, shuku maji yaliyobaki kabla hujafurahia wingi.

Umeme ndio unaotupa shida kubwa. Kompresa haitaki umeme dhaifu, na ukirudi ghafla baada ya kukatika inajaribu kuwaka huku gesi ikiwa bado imebana upande mmoja; iachwe dakika 5 kwanza. Stabilaiza ni ya lazima. Betri ya akiba ipimwe kwa mshtuko wa kuwaka kwa mota, ambao ni mara kadhaa ya wati zilizoandikwa kwenye kibati chake. Umeme ukikatika, jambo la kwanza, kabla hata ya kwenda kwenye jenereta, ni kufunga vali kati ya pampu na chumba. Usipofanya hivyo, ombwe litayavuta mafuta ya pampu yaje kwenye sumu. Usifungue mlango. Chumba kilichofungwa vizuri kinaweza kuvumilia muda mfupi. Mtego ukianza kupanda kupita joto la sumu, mvuke utarudi ulikotoka, na hapo ni heri kuingiza hewa kavu, kuziba vichupa na kuvirudisha kwenye friza ya −80. Siku zote tunaanza mzunguko mpya jenereta likiwa na mafuta ya usiku mzima.

Kutoa sumu kunataka mkono mtulivu. Hewa au naitrojeni iingie kidogo kidogo ikipitia chupa ya silika jeli. Mlipuko wa hewa unarusha poda kwenye kuta, na sumu za nyoka mbalimbali zinachanganyika. Ziba vichupa mara moja, ikiwezekana vikiwa bado ndani. Poda hii inavutwa na umeme wa glavu na kupanda hewani, na wanaoivuta mara kwa mara wanaweza kupata mzio mkali ambao siku moja utawaangusha. Barakoa ya kuchuja chembe, miwani iliyofunika macho pande zote, glavu mbili, wala mtu asifanye kazi hiyo peke yake.

Vichupa vinakaa −20, gizani, ndani ya chombo chenye silika jeli. Ile ya bluu ina kloridi ya kobalti, na sisi wa Katanga hatuna haja ya kuambiwa kobalti si ya kushikwa ovyo; ya rangi ya chungwa ni salama zaidi. Hurudishiwa ukavu kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2. Kwenye jiko la makala joto halishikiki, na punje zilizoungua hazinywi tena unyevu. Kichupa kikitolewa kwenye friza kiachwe kifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa, angalau nusu saa, na saa nzima msimu wa mvua. Ukikifungua kikiwa baridi, umande unaingia, na vimeng'enya vilivyolala vinapewa maji upya. Ndiyo maana tunagawa sumu mapema kwenye vichupa vya miligramu 10 au 20: kila kimoja kifunguliwe siku moja na kumalizwa.

Uzuri wa poda hauthibitishi kitu. Tunayeyusha miligramu 1 kwenye mililita 1 ya maji. Iwe angavu ndani ya dakika moja au mbili, bila utando. Kisha jeli ya protini, inayozitenga protini kwa ukubwa, kubwa juu na ndogo chini, sampuli kavu ikiwa ubavuni mwa tone la sumu ileile lililohifadhiwa −80 bila kukaushwa: mistari mizito ya juu ikififia na mipya ikatokea chini, kuna kulana kulikotokea. Kwa maabara isiyo na mengi, sahani ya agari yenye kiini cha yai inaonyesha duara la fosfolipezi (kimeng'enya cha kukata mafuta), na kipande cha filamu ya eksirei isiyotumika, chenye tabaka la jelatini, kinaonyesha doa angavu pale vimeng'enya vya kukata protini vilipotua, baada ya saa chache kwenye nyuzi 37 na kuoshwa kwa maji. Linganisha ukubwa wa doa na lile la sumu isiyokaushwa, kwa kiasi kilekile cha protini.

Kwenye lebo tunaandika jina la kisayansi, mahali nyoka alipokamatwa, mkubwa au mdogo, idadi ya nyoka, tarehe ya kukamua, tarehe ya kukausha, uzito mtupu na mkavu, na kama umeme ulikatika. Kundi lililoyeyuka katikati ya mzunguko linapata alama nyekundu, linabaki la kufundishia mizani na jeli, na halichanganywi na jingine hata likiwa la nyoka yuleyule. Mabaki na maji ya kuoshea yanalowekwa kwenye hipokloriti (dawa ya klorini) ya asilimia 1 kabla ya kumwagwa.